Santuri ya Winterland 1978, shoo ya mwisho ya Sex Pistols: nichukue toleo jipya au hii ya mtumba?

Kijana wa Ilala

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wale mnaokusanya santuri, hasa za roki na panki, najua humu ni wachache lakini mpo.

Kuna jamaa anauza santuri za mtumba hapa Dar, ana moja ya Sex Pistols, bendi ya panki ya Uingereza, ile shoo yao ya mwisho kabisa pale San Francisco, ukumbi wa Winterland, 14 Januari 1978. Kava nyeusi na nyeupe, picha imechapwa vibaya mpaka sura hazionekani, haina jina la kampuni, haina mwaka, na karatasi ya katikati ni nyeupe tupu imegongwa muhuri. Jamaa anasema ni orijino ya mwaka uleule na anataka hela ndefu. Huku shemeji yangu yuko Uingereza anarudi mwezi ujao, ananiambia shoo hiyohiyo imetoka upya kwenye santuri, toleo rasmi la 2025, na bei yake haifiki hata nusu ya anayotaka huyu wa hapa.

Mi hii bendi nimeijua kwa albamu yao ya studio ya 1977, Never Mind the Bollocks, nimeisikiliza mpaka nyimbo zote nimezishika. Sasa hii ya Winterland nimeisikia vipande vipande mtandaoni na kwa kweli imenichanganya. Gitaa kuna mahali linatoka nje kabisa, besi kuna nyimbo huisikii, halafu Johnny Rotten anaimba huku amechoka na kila mtu aliye mbele yake. Lakini kila nikisema niachane nayo najikuta nimerudi, hasa zile dakika za mwisho. Kuna kitu pale ambacho kwenye albamu sikipati na sijui nikiiteje.

Kwa hiyo naomba kujua, hii ya mtumba ina thamani yoyote au naibiwa? Hilo toleo jipya sauti yake ni nzuri kweli au wamepamba kava tu? Na kubwa zaidi, kwa aliyeisikiliza shoo nzima kuanzia wimbo wa kwanza, ni kitu cha kukaa nacho nyumbani ukakirudia au ni cha kusikia mara moja ukaijua historia basi? Hela ya kununua zote mbili sina, na pleya yenyewe ndo kwanza nimeitoa kwa fundi.

Baba Santuri

Kijana, mwambie shemeji aache nafasi kwenye begi. Hiyo ya mtumba achana nayo.

Nikueleze kwa nini. Shoo ya Winterland ilirushwa redioni na kituo cha FM cha hukohuko San Francisco, KSAN. Maana yake kila aliyekuwa na redio kaseti eneo lile aliweza kuirekodi, na walirekodi kweli. Kanda hizo ndo zilizokuja kuzaa santuri za wizi, chungu nzima, miaka na miaka, kila mmoja na kava yake na jina alilolibuni mwenyewe. Kampuni iliyokuwa na bendi haikutoa shoo hii nzima mwaka 1978, kwa hiyo mtu akikwambia ana orijino ya mwaka ule jua anachokiita orijino ni nakala ya kanda ya mtu. Wapo wakusanyaji wanaozipenda hizo na sina ugomvi nao, ila we unataka kusikiliza muziki, na kwa bei hiyo anakuonea.

Toleo la 2025 ni rasmi. Walitoa shoo tatu za ziara ileile ya Marekani, kila moja na santuri yake: Atlanta ya 5 Januari, Dallas ya 10 Januari na hiyo ya San Francisco ya tarehe 14. Sasa hapa naomba unisikilize vizuri maana swali lako la tatu jibu lake liko hapa. Winterland ukiipiga peke yake utasikia bendi mbovu. Ukiipiga baada ya Atlanta na Dallas utasikia watu wanne wanaachana, na utasikia wameanzia wapi.

Ziara ilikuwa ianze mwisho wa Desemba 1977 kwenye miji ya kaskazini, viza zikakwama kwa sababu ya kesi za nyuma za hao vijana, shoo za mwanzo zikafutwa, zikabaki za kusini. Meneja wao Malcolm McLaren alitaka hukohuko kusini, badala ya kuwapeleka New York na Los Angeles ambako watu wanaoujua muziki huu walikuwapo akawapeleka Atlanta, Memphis, San Antonio, Baton Rouge, Dallas na Tulsa, kumbi nyingine zimezoea muziki wa wachunga ng'ombe, na watu wengi walikuja kuwaangalia tu hao Waingereza wakorofi wakoje, wengine wakaja na vitu vya kurusha. San Antonio pale Randy's Rodeo, mpiga besi wao Sid Vicious alimpiga mtazamaji na gitaa la besi. Dallas alipanda jukwaani kifua wazi, ameandika kwenye ngozi kwamba anataka dawa. Rotten na Sid wanasafiri kwa basi kwenye baridi ile, Steve Jones wa gitaa na Paul Cook wa dramu ikafika mahali wanapanda ndege na meneja. Rotten akashikwa na mafua makali. Shoo saba ndani ya siku kumi.

Halafu ndo wakafika Winterland, jengo la zamani la kutelezea kwenye barafu lililogeuzwa ukumbi wa muziki, watu zaidi ya 5,000 ndani, umati mkubwa kuliko wowote waliowahi kuupigia mpaka siku ile. Wamefika kwenye umati huo hawasemezani. Siku nne baadaye Rotten akiwa New York akatangaza kwamba bendi imekwisha.

Kwa hiyo mi nasema ni ya kukaa nayo. Sikwambii uipige wageni wakija, ila jioni uko peke yako, sauti umefungua, unaanza God Save the Queen unashuka mpaka mwisho bila kurukaruka. Nyimbo 14. Hapo ndo utaelewa kile kinachokurudisha.

Kijana wa Ilala

Mzee shukrani sana, hapo kwenye kuachana umenigusa, nahisi ndicho nilichokuwa nakisikia nikashindwa kukisema. Kumbe na mazingira yenyewe ya safari sikuyajua kabisa. Nasubiri na wengine.

Bi Tumu wa Kisauni

Naomba nipingane na Baba Santuri, kwa heshima zote maana nyuzi zake humu nazisoma sana.

Kwanza muziki wenyewe. Hiyo albamu ya 1977 unayoipenda, besi karibu yote kapiga Steve Jones, Sid kasikika kidogo mno. Aliyekuwa anapiga besi mwanzo na kutunga sehemu kubwa ya miziki yao, Glen Matlock, alishatoka Februari 1977. Kwa hiyo pale Winterland nyimbo zinatembea na mguu mmoja. Gitaa likikatika hakuna kitu chini cha kulishika. Ukitaka kujua jukwaani walikuwa na nguvu gani tafuta rekodi za 1976, Matlock akiwemo, ipo ya Burton-on-Trent ya 24 Septemba 1976 ambayo imetolewa sana na si ngumu kuipata. Pale utasikia bendi inayotaka kupiga, bado wana njaa, hawajulikani, na kila wimbo wanaupiga kwa kuushindania. Ningekuwa na hela ya santuri moja tu ningenunua hiyo, bila kufikiri mara mbili.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, ni Sid. Usiku ule alikuwa na miaka 20. Tarehe 2 Februari 1979 akafa, 21, dawa za kulevya. Watu wanainunua Winterland kwa ajili ya picha yake, kijana mwembamba kavimba macho na kufuli shingoni, wanaiita ndo panki yenyewe. Mi ninaishi Pwani, vijana waliomalizwa na unga nimewaona na wengine nimekaa kwenye matanga yao, mama zao ni majirani zangu. Siwezi kuweka kwenye pleya sauti ya mtoto mgonjwa aliyesimamishwa mbele ya watu 5,000 wanaomrushia vitu nikasema nasikiliza historia. Waliomzunguka wote walikuwa wanamwona. Meneja alikuwa anamwona, waliolipwa kwa shoo ile walikuwa wanamwona, na bado waliona afadhali apande.

Sikukatazi mdogo wangu, hela ni yako. Ila ukiinunua, inunue ukijua unasikiliza nini.

Fundi Redio

Wadau mi niongee upande wa sauti maana mambo ya mitambo ya redio ndo kazi yangu, na swali la pili la mleta uzi halijajibiwa.

Sauti iliyopita FM ina alama zake huwezi kuzificha. FM ya stereo inabeba mpaka kama kilohezi 15 hivi, juu ya hapo panakatwa kwa sababu kwenye kilohezi 19 kuna mlio maalumu unaoiongoza redio yako itenganishe kushoto na kulia. Kwa hiyo santuri yoyote iliyotokana na kanda ya redioni matoazi ya Paul Cook hayatakuwa na ule ukali wa juu kabisa, yatakuwa yamefunikwa kidogo. Pia kituo huwa kinabana sauti kabla ya kuirusha, kubwa zishushwe na ndogo zipandishwe ili msikilizaji wa kwenye gari asipoteze kitu. Matokeo yake utayasikia katikati ya nyimbo: bendi ikinyamaza umati unapanda ghafla unakujaa masikioni, bendi ikianza umati unazama. Kwa shoo hii mi napenda hivyo. Unapata kumsikia Rotten akijibizana na watu wanaorusha vitu, na ukumbi wenyewe unausikia ukubwa wake.

Sasa hizo za wizi tatizo lake lingine ni kunakiliwa. Kanda ya kwanza imetoka redioni, ya pili imetoka kwenye ya kwanza, ya tatu kwenye ya pili, kila hatua sauti za juu zinaliwa na ule mvumo wa kanda unaongezeka. Mbaya zaidi ni mwendo. Mashine moja ikiwa inakimbia kidogo tu, shoo nzima inapanda, sauti ya Rotten inakuwa nyembamba na nyimbo zinaisha mapema kuliko zilivyopigwa. Kama huyo muuzaji anakuruhusu ujaribu, ipige santuri yake pamoja na ile shoo uliyoipata mtandaoni, zianzishe sambamba kwenye pigo moja la dramu halafu kaa uone zinaachana baada ya muda gani. Zikiachana ndani ya wimbo mmoja huo ni mwendo mbovu. Ila kabla hujaamua mwendo ni wa santuri hakikisha pleya yako nayo inazunguka sawasawa, hasa kama imetoka kwa fundi juzi, mkanda mpya huwa unahitaji kurekebishwa.

Jambo jingine angalia muda wa kila upande. Santuri ya inchi 12 ya mwendo wa 33 inakaa vizuri kwenye dakika 20 hadi 22 kwa upande. Ukizidisha mifereji inabanana, wanaoichonga wanalazimika kushusha sauti na kupunguza besi, na kwenye shoo ambayo besi yenyewe tunaitafuta hapo unakuwa umemaliza kila kitu. Halafu itoe kwenye kava uishike kwenye mwanga kwa kuinamisha, soma ule ukingo laini ulio kati ya mwisho wa mifereji na karatasi ya katikati. Santuri ya kiwandani inakuwa na namba zilizochongwa pale, safi au kwa mkono. Nyingine za wizi nazo zina namba lakini nyingi zimekwaruzwa au hazifanani na chochote kilichoandikwa kwenye kava.

Kuhusu rangi, matoleo ya siku hizi mengi ni ya rangi rangi, usiogope, ikipigwa chapa vizuri inasikika sawa na nyeusi.

Na kwa Bi Tumu, nakubali besi haipo, lakini naomba siku moja umsikilize Paul Cook peke yake kwenye shoo hii. Gitaa linatoka nje, linakatika, Rotten anaingia anapotaka, na yule bwana hayumbi hata mara moja. Bendi ya gitaa moja ikikosa besi na gitaa likakatika kinabaki ngoma na sauti ya mtu tu, na kwenye Winterland kuna sehemu ni hivyo hasa. Wengi wanaziita kuharibikiwa. Mi ndo sehemu ninazozirudia.

Buruburu78

Niaje wasee, Nairobi hapa. Nimesoma yote, story poa sana, sa niongezee hiyo mwisho ambayo kijana wa Ilala anasema inamrudisha, juu hata mimi ndio ilinishika.

Wamemaliza na Anarchy in the U.K., wakatoka, wakarudi kwa wimbo mmoja tu, No Fun, ambayo si yao, ni ya Stooges ya 1969. Rotten anawaambia mtapata moja na moja tu kwa sababu mimi ni mvivu. Alafu wanaivuta, wanaivuta, mpaka inakuwa haina umbo tena. Kwa video unamwona amechuchumaa mbele ya stage, maiki mkononi, anaangalia watu kwa macho bila kupepesa, anarudia tu kwamba hii si raha, si raha hata kidogo. Hafanyi shoo hapo. Anasema kile anahisi. Muziki unaisha, anacheka kicheko kikavu, anawauliza kama wamewahi kuhisi wametapeliwa, anasema usiku mwema, anaachilia maiki, anaenda. Kwa santuri hauoni macho lakini unasikia vile ukumbi haujui upige makofi ama uzomee.

Watu wengi hufikiria alikuwa anatusi mashabiki. Yeye mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba aliyehisi kutapeliwa ni yeye. Na hiyo haikuwa maneno ya stage tu manze, alienda kortini na McLaren miaka mingi, mpaka 1986 ndio bendi ikarudishiwa haki za kazi yao na pesa, pamoja na upande wa mamake Sid. Sa ukinunua ile ya muhuri, wale jamaa wanakosa tena, kwa shoo ileile ambayo alisimama akauliza hilo swali. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuchagua ya 2025.

Bi Tumu umeongea ukweli kuhusu Sid na sina la kuongeza hapo. Ukiwa Nairobi pitia Kenyatta Market kwa wale wa santuri za zamani, za panki ni nadra lakini benga na rumba ni tele, utarudi nyumbani na kitu.

Na kitu kingine watu husahau, usiku huo walifunguliwa na bendi mbili za hapohapo San Francisco, the Nuns na the Avengers, na Avengers wakiongozwa na msichana, Penelope Houston, walipiga vizuri sana, kuna wenye hupenda kazi yao ya usiku ule kuliko ya wenye shoo. Kwa hivyo wengine walikuwa wanaanza mahali wale walikuwa wanamalizia. Winterland yenyewe ilifungwa siku ya mwisho ya 1978 na 1985 ikabomolewa.

Baba Santuri

Bi Tumu, nimeyasoma maneno yako mara mbili na sitaki kuyapita. Kuhusu kijana yule na waliomzunguka uko sahihi na mimi nikiisikiliza shoo ile linaniuma hilohilo.

Ila nakataa kitu kimoja, kwamba shoo ilikuwa mbovu kwa sababu ya Sid tu. Chukua 25 Desemba 1977, Huddersfield, klabu inaitwa Ivanhoe's. Wazima moto wa Uingereza walikuwa kwenye mgomo, hawana mishahara, Krismasi imefika. Hawa vijana, ambao halmashauri za miji zilikuwa zinawafungia milango nchi nzima, wakapiga shoo ya mchana kwa ajili ya watoto wa hao wagomaji. Keki kubwa, zawadi, watoto wadogo wanaruka mbele ya jukwaa, Rotten uso mzima umejaa keki. Filamu yake ipo, itazame. Ni watu walewale wanne, Sid yumo na besi yake ileile, na wanacheka. Hiyo ndo ilikuwa siku yao ya mwisho kupiga Uingereza wakiwa wanne hao. Toka pale mpaka Winterland ni siku 20.

Ndani ya siku 20 tu, bendi iliyokuwa inaweza kuwapa watoto raha ile imefika mahali kiongozi wake amechuchumaa anasema si raha. Kilichofanyika katikati ni viza, basi, baridi, dawa, na watu wazima waliokuwa wanapanga safari kwa kuangalia magazeti yataandika nini. Kwa hiyo mimi siisikilizi Winterland kumtazama Sid anavyozama. Naisikiliza kwa sababu ndo ushahidi uliobaki wa walichofanyiwa wote wanne, na Rotten alikuwa na ujasiri wa kukisema palepale kwenye maiki huku redio inarusha, akijua akishakisema hana tena kazi. Bendi ngapi zimekufa zikitabasamu, zikaendelea kuzunguka kumbi miaka kumi baada ya kufa?

Najua walirudi 1996 na Matlock, wakapiga vizuri kuliko walivyowahi kupiga ujanani, na nawapongeza, walistahili kulipwa. Hiyo haifuti ya 1978.

Bi Tumu wa Kisauni

Kaka hiyo ya Huddersfield nilikuwa sijaiweka karibu na Winterland namna hiyo, siku 20 ni chache mno. Nitaitazama hiyo filamu kwanza halafu niipe shoo nafasi nyingine, kwa kumsikiliza Cook kama Fundi alivyosema. Msimamo wangu kuhusu kuuzwa kwa picha ya Sid uko palepale. Na kijana bado namshauri siku za mbele aipate ya Burton-on-Trent, asiishie kuijua bendi kwa msiba wake.

Kijana wa Ilala

Wakuu, dada Tumu, mmenifundisha kitu kikubwa. Nimeshamwandikia shemeji anichukulie ya Winterland ya 2025, na nikijaliwa hela ya Atlanta na Dallas zitafuata kisha ya 1976. Yule jamaa nimempigia nimemuuliza kuhusu namba za ukingoni akaniambia mbona namchunguza, nikamshukuru tukaishia hapo.

La mwisho Fundi, shemeji anasema begi lake kubwa lina nafasi, aiweke humo au aibebe mkononi? Na huku nyumbani joto la Dar si la mchezo, chumba kina feni tu.

Fundi Redio

Abebe mkononi. Begi la chini ya ndege linarundikiwa mizigo, santuri ikilazwa chini ya uzito au ikikunjwa kidogo hainyooki tena. Kava ina sentimita 31 na kitu kila upande, aiweke kwenye begi la mgongoni ikiwa imesimama upande wa mgongo wake, na kadibodi gumu mbele na nyuma. Akifika asiiache ndani ya gari hata nusu saa.

Nyumbani isimamishe wima, usiilaze wala usiiegemeze, mbali na dirisha na mbali na juu ya amplifaya, watu wengi wanaziweka pale juu na amplifaya inachemka. Feni inatosha. Ile nailoni ya kiwandani inayobana kava ivue kabisa, kwenye joto inazidi kujikaza na kava inapinda pamoja na santuri yake. Pwani unyevu nao unaleta ukungu kwenye kava, kwa hiyo usiisukumize ukutani, iache ipitiwe na hewa. Na sindano ya pleya yako kama hujui umri wake badilisha kabla hujaipiga hii.

Bi Tumu wa Kisauni

Na ikifika tuwekee humu picha ya hizo namba za ukingoni na muda wa kila upande, wengine tutakaoitafuta baadaye tuwe na cha kulinganishia.